Mtakapolala kando ya Ruaha Mkuu

Mwanangu mpendwa,

Kamwene. Huku Iringa hatujambo, baridi imeanza kulegea na mgongo wangu umetulia. Nimepata ujumbe wako kwamba mmeshalipia banda Msembe, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kwa likizo ya Septemba. Nimefurahi mno. Ila naona mkwe wangu ana wasiwasi wa watoto kulala karibu na mto Ruaha Mkuu, wenye viboko na mamba. Wasiwasi huo ni wa mama mwenye akili, usimcheke. Ndiyo maana nimeamua kukuandikia kwa kirefu, maana mambo ya Ruaha hayaishi kwenye simu.

Njiani msichelewe. Kutoka hapa mjini hadi Msembe ni zaidi ya kilomita 100, mnapita Kalenga, kisha Idodi, na sehemu kubwa ni vumbi. Kalenga mkiweza simameni kidogo, watoto walione fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Halafu mwendelee, maana hifadhini magari ya wageni hayaruhusiwi kutembea usiku, na kufika mkiwa mmechoka, giza limeingia, watoto wana njaa, ndiko kunakowaharibia watu safari. Nimeona familia zikifika namna hiyo. Usiku wa kwanza wanagombana, asubuhi wanalalamika kuhusu godoro, na mto wenyewe hawajautazama.

Banda ni banda. Mtakuta vitanda, chandarua, mahali pa kupikia, basi. Wageni niliowaona wakiondoka na uchungu ni wale waliolidai banda liwape yale ya hoteli: televisheni, maji ya moto kila saa, mtandao wa kasi. Waliofurahi ni waliotoa viti nje wakakaa. Nawakumbuka wazee wawili, mke na mume, Wazungu, ambao majirani zao walidhani ni wagonjwa kwa sababu gari lao halikuwashwa mchana kutwa. Walikuwa wanatazama tu. Kufikia jioni walikuwa wameona tembo wakishuka kunywa, kuro, tandala, furukombe akiopoa samaki, na kundi la nyani likivuka na watoto migongoni. Wenzao waliozunguka na gari tangu alfajiri walirudi na vumbi na picha za twiga kwa mbali. Siwaambii msizunguke, zungukeni, hasa asubuhi mapema. Lakini gawanyeni siku. Saa za mchana, jua likiwa kali, wanyama wenyewe ndio huja mtoni, na ninyi mtakuwa mmekaa hapo hapo kivulini.

Sasa viboko. Mwambie mkwe wangu hivi: kiboko mchana yumo majini, usiku anatoka kwenda kula majani, na kabla hakujapambazuka anarudi. Njia zake ni zile zile kila siku, mtaziona zimechimbika kwenye ukingo kama mifereji. Hatari yake kubwa ni mtu kusimama kati yake na maji. Kwa hiyo jua likianza kuzama, watoto wote wawe karibu na mlango, na hakuna wa kuteremka ukingoni, hata kuokota jiwe, hata mchana. Mamba naye haonekani mpaka amekusudia. Kunawa, kuosha vyombo, kuchezea maji, yote yafanyike kwenye bomba.

Usiku, kwa haja ndogo, wekeni ndoo ndani. Najua watu wa mjini mtaona aibu, lakini ndoo ni bora kuliko mtoto kutoka nje na tochi, baba yake akaamka mtoto ameshafika uwanjani. Mkisikia kitu kinatafuna majani nje ya ukuta, au pumzi nzito karibu na dirisha, laleni. Msifungue mlango kupiga picha. Na mkiwa na swali lolote, kuna askari wa hifadhi, muulizeni yeye, msimuulize mgeni mwenzenu aliyefika jana.

Chakula kikae ndani, kimefungwa. Tumbili wa pale wana mikono mepesi, mkate ukiachwa mezani dakika moja haupo. Machungwa na maembe yaacheni mjini kabisa, kwa sababu harufu ya matunda huvuta tembo, na tembo akitaka kilichomo kwenye gari, bati halimzuii. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa akikagua buti la gari kama polisi wa mizani kabla hatujaondoka. Nguo za bluu iliyokoza na nyeusi ziacheni pia, mbung'o wanazipenda. Na vyandarua vya watoto mvichomeke chini ya godoro, malaria ipo.

Nakuomba jambo moja zaidi kwa moyo wangu wote: msiende na spika. Kuna vijana walifika siku moja wakapiga muziki mpaka mlinzi alipowafuata, na kambi nzima ilikosa usiku. Mtu anayelipa fedha yake kulala kando ya Ruaha analipia zile sauti. Simba akinguruma usiku mtulivu anasikika kutoka kilomita kadhaa. Fisi anaanza mbali, anasogea, anapita. Viboko wanacheka kwa zamu, upande mmoja wa mto kisha mwingine. Watoto wataogopa usiku wa kwanza, washikeni mikono muwaambie kila sauti ni ya nani. Usiku wa pili watakuwa wanawaambia ninyi. Ndiyo maana nasema siku mbili ni chache, kama kazi inaruhusu ongezeni hata moja.

Kuna jambo ambalo Septemba mtaliona na watoto watauliza. Mto utakuwa hautiririki. Mtakuta mchanga mpana, mweupe, na madimbwi huku na kule yaliyojaa viboko mpaka wanapandiana migongo, maji yamekuwa ya kijani kwa kinyesi, samaki wengine wamekufa. Baba yako alipofika Ruaha akiwa kijana, mto huu ulitiririka mwaka mzima. Tangu mwaka 1993 unakauka wakati wa kiangazi. Uhaba wa mvua si sababu pekee. Juu kabisa, bonde la Usangu kule Mbarali, maji huchepushwa kwenda kwenye mashamba ya mpunga, makubwa ya uwekezaji na madogo ya wakulima, na mifereji mingi iliendelea kuvuta maji hata mpunga ukishavunwa. Kinachobaki hukusanyika kwenye ardhioevu ya Ihefu, na yakipungua pale hayafiki kwenye mdomo unaotoa maji kuja huku. Mwaka 2006 wafugaji wengi waliondolewa Usangu na ng'ombe wao, na mwaka 2008 eneo hilo likaunganishwa na hifadhi, ambayo wakati huo ikazidi kilomita za mraba 20,000. Na bado mto unakauka.

Usiwaambie watoto kwamba wakulima ni wabaya. Ule mchele wa Mbeya ninaowatumia kila mwaka, mnaousifia harufu, unatoka huko huko. Waambie ukweli wote: sahani yetu imo ndani ya jambo hili. Na taa yetu pia, kwa sababu mto huu ukitoka hifadhini unaingia bwawa la Mtera, megawati 80, kisha Kidatu, megawati 204, halafu unakwenda kuungana na Rufiji, na maji yake yanafika bwawa la Nyerere. Mtoto wa Dar anayewasha feni anausikia Ruaha Mkuu bila kujua. Mimi naamini serikali inaweza kusimamia mifereji ile na mpunga ukapatikana, na naamini pia kwamba watu wasiowahi kukaa ukingoni hawatalidai jambo hilo. Nataka wajukuu wangu wakae.

Hapo kwenye mchanga mkavu ndipo pia mtakapoona kitu ambacho nikikifikiria moyo wangu unajaa. Tembo anakuja, anasimama mahali ambapo wewe huoni chochote, anaanza kukwangua kwa mguu wa mbele, taratibu, kisha anaingiza mkonga na kutoa mchanga. Anasubiri maji yachuje. Hanywi ya kwanza, anayamwaga pembeni mpaka yawe safi. Watoto wake wanajisogeza, mama anawazuia, kisha anawapisha. Akishaondoka wanakuja wengine kunywa kwenye kisima kile: ngiri, swala pala, nyani, ndege. Kiangazi kikali wengi wanaishi kwa visima vya tembo. Mkiliona kundi linachimba, zimeni gari, fungeni midomo, mkae mpaka wamalize. Saa nzima, saa mbili, hata kama dereva anakuna kichwa.

Mtakaporudi mpitie kwangu kabla ya kushika barabara ya Dar. Nitapika kuku na ugali, mlale, mwondoke asubuhi. Darubini ya baba yako ipo kabatini, nimeshaifuta, mtaichukua mkipita kwenda. Nipigie mkiwa hapa mjini mkijaza mafuta, na hakikisheni mmejaza tangi lote, maana kwa mizunguko ya hifadhini yanaisha upesi.

Msalimie sana mkwe wangu, mwambie nimemwelewa. Wajukuu nawabusu.

Mama yako