Simu yangu usiipokee ukiwa kwenye usukani

Mwanangu Hamisi,

Hujambo baba? Sisi hatujambo, ila bibi yako magoti yanamsumbua tangu mvua zianze. Barua hii nimempa Zuhura aiweke kwenye begi lako, chini ya mashati niliyoyapiga pasi. Ningeweza kukupigia, lakini jambo lenyewe ni la simu, nikaona bora niandike. Isome gari likiwa limesimama.

Uliponiambia umekabidhiwa gari na Jumatatu unaondoka na mzigo wa Lubumbashi, nilifurahi mpaka nikaenda kumwambia mama Asha pale ng'ambo. Miaka mitano ya utingo, unalala chini ya tela, na hujawahi kuniomba hata nauli. Halafu nikasikia honi. Nikakuuliza uko wapi, ukasema, "Nipo Mikese, mama, naendesha, usijali, nimeshazoea." Kisha ukanyamaza kama sekunde tatu, ndipo ukaendelea na maneno. Sijui uliona nini hapo mbele, hukuniambia. Zile sekunde tatu zimeninyima usingizi.

Nimeshazoea. Neno hilo nimelitafuna wiki nzima. Nikamuuliza Zuhura, maana chuoni kwao wanasoma mambo ya ubongo: je, mtu akizoea, si ni kweli anaweza kufanya mawili kwa pamoja? Akanisomea habari ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, mwaka 2009. Walichukua watu 7, wakawafanyisha mazoezi wiki mbili: ukiona picha fulani bonyeza kwa kidole fulani, ukisikia mlio fulani tamka sauti fulani, na mara nyingine vyote viwili vije pamoja. Huku wanawapima ubongo kwa mashine. Mwanzo walikuwa wanajikwaa, la pili linasubiri la kwanza liishe. Baada ya mazoezi wakawa wepesi mno, ungedhani wanafanya yote kwa wakati mmoja. Kumbe hapana. Ile sehemu ya mbele ya ubongo, hapa nyuma ya paji la uso, ilikuwa bado inashughulikia moja kisha nyingine, ila kwa kasi zaidi.

Mimi nililielewa kwa sindano. Tundu ni moja. Mazoezi yanaupitisha uzi haraka, hayatoboi tundu la pili.

Na hiyo ni picha na mlio tu, Hamisi, si lori lenye tela.

Wewe mwenyewe umekulia chini ya meza yangu. Nina miaka 27 kwenye cherehani. Mwanzoni mguu ulikuwa unakimbia, mkono haujui kuvuta kitambaa, kila pindo linakwenda kombo. Sasa mguu unakanyaga wenyewe, napiga soga na mteja huku nashona suruali. Hayo ni mazoezi, siyadharau, ndiyo yaliyowalisha. Lakini nikifika kwenye kola, au kupachika mkono wa blauzi, nanyamaza. Mteja akiniuliza bei hapo, nasikia sauti, maneno siyapati. Sindano iliyopita kwenye kucha yangu mwaka juzi ilipita siku niliyobana simu begani nikishona kola. Na mimi kola naiona inakuja. Wewe pale Mikumi tembo hakupigii hodi. Barabara imenyooka, mara kola hii hapa.

Usiniambie utavaa hedifoni mikono ibaki kwenye usukani. Hilo nalo nimeuliza. Kule Chuo Kikuu cha Utah waliwapima watu 200 kwenye mashine inayoigiza kuendesha gari, wakizungumza kwa simu isiyoshikwa mkononi, huku wanapewa hesabu na maneno ya kukariri. Waliobaki sawasawa ni asilimia 2.5, yaani watu 5. Wale 195 hawakuwa wazembe, ni watu kama wewe. Tatizo si mkono, baba, ni lile tundu.

Najua utasema mbona unaongea na utingo wako safari nzima na hakuna kitu. Utingo anaona unachokiona. Lori likihama upande wake, ananyamaza mwenyewe au anapiga kelele. Mimi wa kwenye simu sioni, naendelea tu na habari za kuku.

Nimekaa nikapiga hesabu. Kwa mwendo wa 80, sekunde moja gari linakula mita 22. Sekunde tatu, mita 66. Hivyo ni vitenge 12 vya yadi sita sita, vimetandazwa mwisho kwa mwisho, na wewe umepita juu yake unanisikiliza mimi.

Ile mara niliyokupigia mara nne mfululizo, ukapokea uko Kitonga, nikakugombeza kwamba umemsahau mama yako, nimeikumbuka. Nisingekugombeza leo. Kuanzia sasa nitapiga mara moja tu. Usipopokea, nitajua unaendesha, nami nitashukuru. Ukisimama Makambako nitumie ujumbe, ukifika Tunduma nitumie mwingine. Na tajiri akipiga, vilevile asubiri. Akichukia, aje aniulize mimi.

Lile kovu la mkononi mwako silirudii, unalijua. Miaka yote nimewaambia watu ulikuwa mtundu. Siku ile nilikuwa nahesabu pesa za mchezo, maharage yapo jikoni, Zuhura mgongoni analia, nikajiona naviweza vyote. Hukuwa mtundu kuliko watoto wengine.

Begi ulilokuja nalo lina nguo chafu za miezi miwili, hiyo si tabia nzuri kwa dereva. Nimefua zote isipokuwa ile ovaroli, oili haitoki. Dawa za malaria ziko mfuko wa pembeni. Simu ukiwa unaendesha mpe utingo aishike, akisoma jina langu acha ilie mpaka inyamaze.

Bati la jikoni bado linavuja upande wa stoo, fundi ameomba misumari na bati mbili, nimemwambia asubiri mwisho wa mwezi. Zuhura amebakiza ada ya muhula mmoja. Usitume hela ya njiani, kula kwanza. Mkanda wa cherehani nimeshabadilisha, ule wa zamani ulikuwa unateleza.

Ukirudi, pitia Ruaha Mbuyuni unichukulie vitunguu nusu gunia. Chagua vyekundu vilivyokauka shingo, vile vibichi vinaoza kabla hujafika Msamvu.

Mama yako