Kabla hujasema nimekufutia picha za klaudi

Wiki hii tena nimeitwa mwizi dukani kwangu hapa Darajani na nimeumia kweli. Bi mmoja simu yake ilitumbukia baharini Forodhani, akaizika kwenye mchele siku mbili halafu akaichaji, mie naifungua nakuta tundu la chaji limeota kijani na chumvi imekauka juu ya bodi kama unga. Nikamwambia hii haiwaki tena. Akasema hamna shida fundi, picha za harusi ya mwanangu zote ziko klaudi, nitilie tu kwenye simu mpya.

Tukafungua. Picha ya mwisho ya mwaka jana, mtoto na yunifomu ya skuli. Harusi hamna.

"Umezifuta wewe!"

Jamani, klaudi kila mtu anayo mdomoni lakini ni kompyuta za watu tu, ziko kwenye majengo yao huko mbali, wewe umepewa kipembe. Jina lenyewe limetoka kwa mainjinia waliokuwa wakiuchora mtandao kama wingu. Google bure wanakupa GB 15, na tangu Juni 2021 picha mpya zinahesabiwa humo humo pamoja na emeili, iCloud, klaudi ya iPhone, ndo GB 5 tu. Ikijaa haipokei tena, meseji inakuja na watu wanaifuta bila kuisoma. Wengine wanafuta picha mle mle Google Photos, programu ya picha za klaudi ya Google, wakidhani klaudi itabaki nazo, haibaki, zinakaa kwenye pipa la taka la humo siku 60 basi.

Kinachoniuma zaidi ni hizi emeili, ambazo ndo mlango wa kuingilia klaudi, za kufunguliwa kijiweni kwa elfu mbili. Kijana anatia namba yake yeye, paswedi anaijua yeye, simu ikipotea zile namba za kuthibitisha zinakwenda kwake na yeye kashahamia Dar. Nilikaa siku nzima na mvuvi mmoja wa Nungwi, akaunti ipo, picha za marehemu babake zimo, kuingia hatuwezi.

Mie kukufungulia natoza elfu kumi na tano na watu wananuna. Namba yako, paswedi unaandika mwenyewe kwenye daftari lako, nawasha bekapu, picha zipande klaudi zenyewe, nakupiga picha hapo hapo kwenye kiti tunaifungua kwenye kompyuta ya duka, ukijiona ndo unalipa, kisha natoka kwenye akaunti yako mbele ya macho yako.

Yule bi sikumtoza kitu. Tunawapitia ndugu waliokuwa harusini mmoja mmoja watutumie walizonazo WhatsApp, mpaka jana tumepata thelathini na mbili.