Njia za miguu si za bodaboda

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie njia za waenda kwa miguu na baiskeli kandokando ya Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, zilizojengwa pamoja na mradi wa mabasi yaendayo haraka.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi angalau dakika 150 kwa wiki. Anayetembea kwenda kazini angezipata bila kulipia jimu. Lakini atapitaje, bodaboda zikimpigia honi kwenye njia yake mwenyewe, na magari yakiegeshwa humo humo?

Manispaa ziweke nguzo fupi za zege kwenye maingilio, zikiacha upenyo wa baiskeli na kiti cha magurudumu. Wamachinga nao watafutiwe eneo, si kufukuzwa tu. Kazi ianzie Manzese, kwenye msongamano mkubwa.

Mkazi wa Ubungo,
Dar es Salaam