Njaa ile haikuletwa na ukame

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwandishi wako aliyeichambua tamthilia ya wanawake wa kijijini Ukraine. Igizo kalisifu, na lilistahili, ila kuandika kwamba njaa iliyowakumba kina mama wale, ile ya 1932 na 1933, ililetwa na ukame ni kosa.

Mavuno ya 1932 yalikuwa hafifu, sawa. Lakini serikali ya Stalin, mtawala wa Muungano wa Kisovieti ambao Ukraine ilikuwa sehemu yake, ilidai nafaka kwa viwango visivyolipika, na huku watu wakifa kwa mamilioni, nafaka iliendelea kuuzwa nje. Kwa sheria ya Agosti 7, 1932, aliyeokota masuke katika shamba la ushirika alihesabiwa mwizi: risasi, au kifungo kisichopungua miaka 10. Januari 1933 wakulima wakazuiwa kutoka Ukraine kwenda kutafuta chakula.

Ndiyo maana lile onyesho la pete bado linanisumbua. Mama anaivua kwa taabu, vidole vimevimba kwa njaa, anailowesha mate. Anaipeleka Torgsin, duka la serikali lililopokea dhahabu, anarudi na unga usiojaa hata kibaba. Nyuma yangu kuna mtu alikuwa akitafuna bisi tangu mwanzo (watu wetu bwana!), hapo aliacha.

Na wale wapekuzi wanaotoboa sakafu kwa vyuma vyenye ncha wakisaka nafaka iliyofichwa hawakubuniwa. Walikuwapo kweli, wengine majirani wa kijiji hichohicho. Mwandishi wako hakuwagusa kabisa.

Chapisheni sahihisho, hata la mistari miwili.

Mpenzi wa maigizo