Barua kutoka Avignon: habari za Gérard Philipe

Mdogo wangu mpendwa,

Natumai hamjambo nyote hapo nyumbani. Baba na Mama wape shikamoo zangu. Mwambie Mama dawa zake za presha atazileta yule jirani yetu wa huku anayekuja likizo. Mimi ni mzima, kazi inaenda, na joto la Avignon, huku kusini mwa Ufaransa, mwezi huu wa saba ni kali kama la kwetu Tanga, tofauti yake ni huu upepo mkavu.

Barua yako nimeisoma yote. Unauliza uendelee na kundi lenu la maigizo au uwafuate wenzako waliokwenda kwenye tamthilia za televisheni, ambao sasa wanasalimiwa kila wanapopita. Sitakuamulia. Ila kuna mtu nataka umjue, maana katika mji huu utaonana naye tu, kama si kwenye picha basi kwenye mazungumzo ya wazee.

Anaitwa Gérard Philipe, mwigizaji Mfaransa wa zamani. Alizaliwa Cannes, Desemba 1922, mtoto wa mwenye hoteli. Alianza kusoma sheria, lakini mwaka 1942 akapanda jukwaani mjini Nice, nchi yao ikiwa mikononi mwa Wajerumani na washirika wao. Mwaka uliofuata alikuwa Paris, akicheza malaika katika tamthilia ya mwandishi Jean Giraudoux. Mwaka 1945, akiwa na miaka 22, akacheza Caligula katika tamthilia ya mwandishi Albert Camus, yule mfalme wa Roma aliyepandwa na wazimu. Kisha zikaja filamu: Le Diable au corps mwaka 1947, Fanfan la Tulipe mwaka 1952, na nyingine nyingi. Ufaransa nzima ikamjua.

Kuna jambo la nyumbani kwao ambalo hunigusa sana. Baba yake alikuwa upande wa walioshirikiana na Wajerumani. Baada ya vita alihukumiwa kifo akiwa hayupo, akaishia uhamishoni Hispania. Mwana naye, Agosti 1944, alikuwa miongoni mwa vijana walioingia mapambanoni kuikomboa Paris. Sasa ipo tamthilia ya zamani ya mwandishi Mfaransa Corneille, Le Cid, ya mwaka 1637. Kijana Rodrigue anatakiwa kulipiza aibu aliyofanyiwa baba yake, na aliyemwaibisha ni baba wa msichana anayempenda. Hiyo ndiyo nafasi iliyompa Philipe jina kubwa kuliko zote. Ninapomsikiliza kwenye rekodi akisema maneno ya Rodrigue, kwa sauti ile nyepesi isiyonguruma, siachi kuwaza habari za baba yake.

Awali aliikataa nafasi hiyo. Alidhani hakuumbwa kwa tamthilia nzito za namna hiyo. Baadaye, akiwa tayari nyota wa filamu, alimfuata mwenyewe muongozaji Jean Vilar kwenye chumba chake cha kuvalia, akamwambia yuko tayari kufanya kazi naye. Julai 1951 wakaja hapa Avignon, kwenye uwanja wa ndani wa Jumba la Mapapa, kasri la kale walimoishi mapapa wa Kanisa Katoliki. Nimesimama pale, mdogo wangu: ni kuta za mawe ndefu pande zote, juu hakuna paa, na upepo ukivuma sauti ya mwigizaji inapotea. Kwenye mazoezi Philipe alianguka kutoka jukwaani akaumia. Onyesho halikuahirishwa. Alimcheza Rodrigue, shujaa wa upanga, akiwa ameketi.

Mwaka huohuo akajiunga na kundi la Vilar, Théâtre National Populaire, yaani Ukumbi wa Taifa wa Maigizo ya Watu Wote. Sikiliza walivyofanya kazi, maana hapa ndipo ninapotaka ukae ufikiri. Kwenye mabango majina ya waigizaji yalipangwa kwa alfabeti, la Philipe likikaa kwenye P yake. Alipokea ujira wa kawaida wa kundi, wakati filamu moja ingemlipa mara nyingi zaidi. Walicheza kwenye vitongoji vya wafanyakazi kama Suresnes, pembeni mwa Paris. Onyesho lilianza mapema ili mtu wa kiwandani awahi treni ya kurudi kwake, na bahashishi kwa wahudumu wa ukumbi ikakatazwa ili maskini asione haya. Watu ambao hawajawahi kukanyaga ukumbi wa maigizo wakajaa. Kwa maoni yangu hakuna filamu yake hata moja iliyofikia jambo hilo.

Alikufa mapema mno. Mwaka 1959 alitoka Mexico kupiga filamu ya muongozaji Luis Buñuel, na Novemba akapasuliwa. Madaktari wakakuta saratani ya ini. Wakamwambia mkewe, Anne, naye akamficha. Tarehe 25 Novemba akafariki, siku chache kabla ya kutimiza miaka 37. Wamemzika Ramatuelle, kusini, katika mavazi ya Rodrigue.

Nimeacha la mwisho kwa makusudi kwa sababu linakuhusu. Mwaka 1957 aliandika makala gazetini kwa kichwa kinachosema waigizaji si mbwa, akidai mikataba na malipo ya haki kwa wenzake wasio na jina. Yeye mwenyewe hakuwa na shida hiyo. Mwaka 1958 vyama viwili vya waigizaji vilivyokuwa vimefarakana vikaungana, na yeye akawa rais wa chama kipya.

Uliniandikia kwamba yule mwenye ukumbi hajawalipa pesa za maonyesho ya mwezi wa tano, na kwamba kila mmoja wenu anamfuata kivyake. Msimfuate hivyo. Kaeni wote, pamoja na yule binti anayeshona mavazi na kijana wa taa, muandike deni lote kwenye karatasi moja, mtie sahihi, mpeleke pamoja. Na msirudi kucheza pale kabla ya kuandikiana mkataba. Nakala ya rekodi ya Le Cid nitamkabidhi huyo jirani pamoja na dawa za Mama.

Dada yako akupendaye.