Ramani za makala kabla ya kikao cha Jumamosi

Habari zenu wapendwa,

Kabla ya Jumamosi, kila mmoja achague makala moja anayoitegemea katika mada yake, aitafute kwenye Connected Papers, tovuti inayochora ramani ya makala za kitaaluma zinazohusiana, kisha atuwekee hapa picha ya ramani itakayotoka. Kila duara ni makala. Likiwa kubwa, makala hiyo imetajwa sana; rangi ikikolea, ni ya karibuni.

Angalieni vizuri maduara yaliyokaribiana. Makala mbili zaweza kukaa bega kwa bega bila hata moja kuitaja nyingine, kwa sababu zimetumia marejeo yaleyale (wazo la mtafiti Kessler, 1963) au waandishi wa baadaye wamezitaja pamoja, kama alivyoeleza mtafiti Henry Small mwaka 1973. Kwa hiyo ramani zenyewe si ngeni. Akili mnemba imeleta jambo ninalolipenda mno: programu nyingine husoma muhtasari wa makala na kuugeuza kuwa namba, na maana zikifanana namba nazo hukaribiana, hivyo watafiti wanaoeleza kitu kimoja kwa istilahi tofauti hatimaye hukutana.

Tafadhali msimdharau mwenye duara dogo. Makala ya mwezi uliopita bado haijapata wa kuitaja. Na muhtasari ulioandikwa na mashine usinukuliwe kabla hujaifungua makala yenyewe ukaisoma.

Wenye orodha ndefu watumie VOSviewer, programu ya kuchora ramani kama hizi ya Chuo Kikuu cha Leiden, ni ya bure. Picha zifike Ijumaa jioni, pamoja na jina la makala moja ambayo hukuwahi kuijua.