Barua kwa vijana wa asasi na vikundi: nani kawaambia mfute wenyewe?

Wanangu,

Wiki nzima nina kitu kimenikaba kooni, nimejaribu kukishushia na chai kimegoma, sasa bora niandike. Mliokuwepo Jumanne kwenye kile kikao mtajijua, na ambao hamkuwepo msijitoe maana nimeyaona haya haya kwa vikundi vingi tu.

Mlinialika kama mlezi, nashukuru. Mkasoma rasimu ya katiba ya asasi yenu, nzuri, nikawa natabasamu peke yangu pale kwenye kiti cha plastiki, mpaka mkafika lengo la nne, kufuatilia matumizi ya fedha za umma kwenye kata. Yule afisa aliyekuja kuwaelekeza wala hakugomba, wala hakukunja sura, kauliza tu kwa upole, "hii ya nne mna uhakika nayo?" Basi. Hakusema futeni. Katibu wenu kachomoa kalamu, kapiga mstari, kaandika kwa juu "kuhamasisha usafi wa mazingira", na nyie mkapiga makofi. Makofi! Halafu soda zikaanza kuzungushwa.

Afisa simlaumu sana, yule katumwa na ana watoto wanasoma. Nawalaumu nyie mliojikata kidole kabla hata kisu hakijatoka jikoni. Na usafi wa mazingira sina ugomvi nao, mtaro wa pale sokoni mnaujua ulivyo, ila hela ya kuuzibua ilishatengwa ikaenda wapi? Hilo ndilo lilikuwa lengo la nne, mkalifuta halafu mkajipa fagio.

Msinielewe vibaya, hofu yenu naijua na haijatoka hewani. Mwaka 2018 zilitoka kanuni kwamba asasi ikisaini mkataba wa fedha unaozidi milioni 20 iupeleke Hazina na kwa Msajili wa asasi hizi, NGO, ndani ya siku 10. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha kwa hati ya dharura muswada mmoja uliogusa sheria nane kwa mpigo, waliokuwa wamejisajili kama kampuni au jumuiya na wanafanya kazi za asasi wakapewa miezi miwili wahamie kwa Msajili wa NGO, cheti kikawa cha miaka 10 na Msajili akaongezewa meno. Dharura gani sijui mpaka leo, hakukuwa na vita wala mafuriko. Katiba ya nchi ibara ya 20 inawapa uhuru wa kukutana na kujumuika, ila mpaka mabadiliko ya 2005 humo humo kulikuwa na maneno "bila ya kuathiri sheria za nchi", na hapo kwenye hivyo vineno vidogo ndo watu walikuwa wanapitisha lori.

Na haya hayajaanza juzi. Sheria ya Jumuiya ni ya 1954, mkoloni aliitunga mwaka ule ule TANU inazaliwa, Usukumani TANU ikapigwa marufuku mpaka 1958. Tukapata uhuru, mkoloni kaondoka na mabegi yake, sheria tukabaki nayo tukaona inafaa. Mimi nilikuwa na miaka 14 mwaka 1969 wakati chama kilipoivunja ile jumuiya ya vijiji vya Ruvuma, Litowa na wenzake, vijiji kama 17 vya wakulima waliokuwa wanalima pamoja na kujiamulia mambo yao, ujamaa wenyewe hasa ule tuliokuwa tunaimbishwa shuleni. Mashine ya kusaga na ya kupasulia mbao zikachukuliwa. Kosa lao kubwa nijuavyo mimi ni kwamba hawakusubiri kuambiwa. Mwaka 1976 vikafuata vyama vikuu vya ushirika, vyote, wakulima wakaachiwa mamlaka za mazao, na matokeo yake waulizeni wazee wa kahawa na pamba.

Ila sikilizeni hii. BAWATA, baraza la wanawake lile la mama Tibaijuka, likafutwa 1997 kwa sheria hiyo hiyo ya 1954, eti linafanya siasa. Wale akina mama wangeweza kusema sawa mkuu wakaanzisha kikundi cha kushona vitambaa. Wakaenda Mahakama Kuu. Kesi imekaa miaka 12, nyie kuna humu walizaliwa wakati kesi iko mahakamani wakaingia darasa la tano, mwaka 2009 mahakama ikasema kufutwa kule kulikuwa kinyume cha Katiba. Najua mtasema mzee, miaka 12 chama kinakuwa kimeshakufa, na kweli baraza halikurudi na nguvu zake. Lakini ile hukumu ipo, wakili wenu anaweza kuishika mkononi leo, na ipo kwa sababu kuna watu walikataa kufuta wenyewe.

Mengine nayataja tu, mimi sio mwalimu wa semina. Risiti zitunzwe. Ripoti ya mwaka iende kwa wakati, msimpe mtu sababu ya bure. Mhutasari uandikwe siku ile ile, na sio kwenye groupu la wasap. Mweka hazina asiwe shemeji wa mwenyekiti. Sheria yenyewe muisome wote, msimwachie mmoja aliyesoma.

Na wanachama! Nimeona orodha yenu ina majina saba na yote saba ni viongozi. Kikundi cha kuzikana cha mama yenu hapa nyumbani kina akina mama 60, hakina logo, siku mtendaji alipotaka kuwapangia mwenyekiti walikuja wote sitini wakakaa chini kwenye baraza la ofisi yake, wengine na watoto mgongoni, akabadilisha mawazo kabla ya saa sita mchana. Nyie nani atakuja kukaa barazani kwa ajili yenu?

Na sisi wazazi tusijifiche nyuma ya mlango. Ni sisi tuliowalea na "usijihusishe na siasa mwanangu utatuletea matatizo", mtoto akiuliza hela ya darasa imekwenda wapi tunamziba mdomo, leo tunashangaa kalamu yake inajua kufuta tu. Na wafadhili nao wanataka ripoti yenye picha za watu wanacheka, mwandishi wa habari anasubiri bahasha, hivyo lengo la nne lilikuwa yatima tangu linazaliwa, nalijua hilo.

Jumamosi nipo nyumbani kuanzia saa nne asubuhi. Njooni na rasimu ile ile yenye mstari, msiichape upya. Katibu na wewe uje, sina kinyongo, mama yenu atapika makande. Lengo la nne tutaliandika tena, halafu tutafute cha kumjibu yule afisa akiuliza tena kama tuna uhakika.

Mzee wenu.